Sebule isiyo na kiti hata kimoja

Sebule nyingi zina kiti cha baba. Wengine wanajipanga kwenye makochi, macho kwenye runinga, na stori zinaishia hapo.

Mwaka 1970 mbunifu wa Denmark, Verner Panton, aliuvuruga kabisa mpangilio huo. Kampuni ya Bayer ilimpa meli ya kitalii aipambe ndani wakati wa maonyesho ya samani mjini Cologne, Ujerumani. Kampuni ilitaka kutangaza nyuzi zake za vitambaa tu. Panton akaipa pango! Sakafu, kuta na dari vilikuwa mawimbi ya sponji yaliyovikwa kitambaa cha bluu, zambarau, nyekundu na chungwa. Unaingia, unachagua bonde lako, unajilaza. Kwa kuwa hakuna kiti, hakuna kiti cha mkubwa pia: bosi na mgeni wanalala ubavu kwa ubavu.

Bibi mwenye magoti mabovu angetokaje humo? Hapo kweli pana kasoro.

Kwa nyumba ya kawaida kuna Living Tower, aliyoibuni mwaka 1969. Ina urefu wa mita 2 na wanakaa watu wanne, kila mmoja kimo chake. Bado inauzwa, ila si kwa bei ya kochi la mtaani.