Sumu Hiyo Iacheni

Wanawake wa Kiaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, husifiwa zaidi kwa nyimbo na michoro yao. Kazi yao ya kuwatetea wananchi wenzao haisifiwi sana, ingawa ndiyo nzito zaidi.

Mnamo Oktoba 1953 Uingereza ililipua mabomu 2 ya nyuklia Emu Field, katika jangwa la jimbo la Australia Kusini. Ukungu mweusi ulitanda juu ya makambi ya wenyeji, nao wamesimulia jinsi watu walivyougua macho na ngozi. Basi serikali ilipotangaza mwaka 1998 kwamba taka za nyuklia zitafukiwa katika jimbo hilo hilo, akina mama wazee wa Coober Pedy hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza hatari yake. Baraza lao, Kupa Piti Kungka Tjuta, lilianzisha kampeni ya Irati Wanti, maana yake "sumu hiyo iacheni". Vikongwe hao walisafiri, wakahutubia mikutano na kuwapelekea wakubwa barua.

Aprili 2003, Eileen Kampakuta Brown na Eileen Wani Wingfield walitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira, nchini Marekani. Heshima hiyo haikuizuia serikali yao wenyewe: Julai mwaka huo huo iliitwaa ardhi iliyokusudiwa. Serikali ya jimbo ilikwenda mahakamani, na Juni 2004 ikaamuliwa kwamba utwaaji huo haukuwa halali. Mwezi uliofuata, serikali ya John Howard iliuacha mpango huo.