Kulala Kisutu, Kuamkia Bandarini

Msafiri mwenye tiketi ya boti ya Zanzibar ya saa moja asubuhi hahitaji kushawishiwa alale katikati ya Dar es Salaam. Akilala Tegeta, itambidi aondoke kabla hakujapambazuka, kwa hofu ya foleni ya Barabara ya Bagamoyo. Akilala Kisutu, Mtaa wa Libya au Jamhuri, anateremka na begi lake, anatembea kwa miguu hadi Barabara ya Sokoine, na gati la boti analiona mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu.

Hapo ndipo ilipo thamani ya hoteli ya daraja la kati mjini. Bustani haina, upepo wa bahari hauingii, na bwawa la kuogelea likiwapo huwa dogo, juu ya paa. Anachonunua mgeni ni ukaribu. Kwa hiyo swali la kwanza si hoteli ina nyota ngapi, bali kesho asubuhi anakwenda wapi.

Jibu la swali hilo limebadilika sana katika miaka ya karibuni. Wenye umri wanaikumbuka stendi ya Kisutu, abiria wa mikoani walipokuwa wakishukia mlangoni mwa nyumba za wageni. Baadaye mabasi yalihamia Ubungo, na mwaka 2021 yakasogezwa Mbezi Luis, kama kilomita 20 kutoka Posta. Serikali nayo ikahamia Dodoma, ikaondoka na sehemu kubwa ya wageni waliokuwa wakija kufuatilia mafaili wizarani. Kisha mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza safari za Morogoro na Dodoma, na stesheni yake iko papo hapo mjini. Mwenye treni ya alfajiri amepata tena sababu ya kulala Kisutu. Mwenye basi la alfajiri hana. Huyo atafute chumba Mbezi, hasa wakati wa masika, maji ya Mto Msimbazi yanapofurika Jangwani, Barabara ya Morogoro ikafungwa na mabasi ya mwendokasi yakasimama.

Wafanyabiashara wa Zambia, Kongo na Komoro wanaokuja kununua mzigo Kariakoo wanaijua vizuri hesabu hii ya ukaribu. Mtu anayezunguka maduka kutwa nzima anataka mahali pa kuweka marobota yake mchana, aoge, arudi sokoni. Jioni chakula hakimsumbui: mishkaki, kuku wa mkaa na chipsi viko umbali wa mitaa miwili. Hoteli nyingi za eneo hili haziuzi pombe, jambo ambalo familia zinalipenda na wengine wanapaswa kulijua mapema.

Sasa kasoro, na kubwa kuliko zote ni chumba chenyewe. Majengo ya katikati ya jiji yamebanana, na ndani ya hoteli moja, kwa bei ileile, vyumba viwili vinaweza kutofautiana kama usiku na mchana. Cha mbele kinapokea honi, bodaboda na adhana ya alfajiri kutoka misikiti kadhaa kwa mpigo. Cha nyuma kina utulivu hadi umeme ukatike. Hapo jenereta linaanza kunguruma chini ya dirisha, na mgeni akifungua pazia apate hewa anakutana na ukuta wa jirani na mashine za kiyoyozi zinazodondosha maji.

Mgeni mzoefu hupanda juu kabla ya kulipa. Anawasha kiyoyozi, anafungua bomba la maji ya moto na kuyasubiri, anafunga mlango na kusikiliza. Kisha anafuata ngazi za dharura mpaka chini, aone kama mlango wa mwisho unafunguka au una kufuli na magodoro yaliyorundikwa. Wahudumu wengine watashangaa, waache washangae. Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka na kuua watu 36, na Novemba 2024 ghorofa jingine likaanguka Kariakoo na kuua zaidi ya 20. Hayakuwa hoteli, lakini katika mitaa iliyobanana hivi, mgeni ana haki ya kuuliza kama kiwanja cha pembeni kinachimbwa.

Mwenye gari binafsi atateseka, kwani maegesho ni haba. Jumapili nayo ina shida yake: ofisi na maduka mengi yamefungwa, mitaa imekuwa mitupu, na vibaka wa pikipiki wanapora simu na pochi kwa urahisi zaidi.

Kuhusu bei, kupiga simu hotelini moja kwa moja mara nyingi kunasaidia, kwa sababu mitandao ya kuhifadhi vyumba hukata kamisheni. Tangu mwaka 2025 kanuni zinakataza huduma za ndani ya nchi kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni, hivyo bei idaiwe kwa shilingi. Anayewahi boti aombe kifungua kinywa afungiwe usiku, maana kwa kawaida kimo ndani ya bei na jiko huenda halijafunguliwa anapoondoka.

Wapo pia wanaouguza mgonjwa katika hospitali ya Muhimbili au ya Ocean Road. Kwa siku mbili tatu za vipimo, hoteli ya mjini inafaa. Matibabu yakienda wiki kadhaa, nyumba ya kupanga yenye jiko pale Upanga huwa nafuu zaidi, na mgonjwa anapikiwa uji wake kwa wakati.