Je, Wajua? Chesisi ya mabomba hunyooshwa kabla ya kuchomelewa

Mkoa wa Kagera, Tanzania, ni nchi ya wahunzi tangu kale. Kemondo, ukiwa njiani kutoka Bukoba kwenda Muleba, kulifukuliwa mabaki ya tanuri za zaidi ya miaka 1,500. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza katika jarida la Science kwamba humo kiliyeyushwa chuma chenye kaboni, jamii moja na feleji. Urithi huo unastahili kufundishwa katika kila karakana ya mkoa.

Fundi wa leo anayetaka kuunda gari uani kwake anaweza kuanza na chesisi, yaani fremu, ya mabomba ya chuma, kama ilivyofanya kampuni ya Mobius ya Kenya kwa gari lake la Mobius II. Nguvu ya fremu hiyo hutoka kwenye pembetatu. Mabomba manne yaliyoungwa kuwa mraba, ukiyasukuma kona moja, hulala upande. Ongeza bomba moja la mshazari, yatasimama imara.

Adui mkubwa wakati wa kuchomelea ni joto. Mshono ukipoa husinyaa na kuvuta bomba upande wake. Kwa hiyo mdomo wa bomba huchongwa mviringo ulikumbatie lile la pili bila mwanya, kisha kila kiungo hushikizwa kwa nukta ndogo tu za kuchomelea. Pima kona kwa kona, mishazari yote miwili. Vipimo vikilingana, chomelea kwa zamu: mbele kushoto, halafu nyuma kulia. Visipolingana, kata nukta, nyoosha, upime tena.