Rangi ya Bastola za Kale: ya Asili au Iliyotiwa Upya?

Watumishi wa Serikali wenye dhamana ya kutunza vitu vya kale, pamoja na wananchi waliorithi vitu hivyo, wanaombwa kusoma maelezo haya kabla ya kusugua au kupaka rangi silaha yoyote ya zamani. Kung'arisha ni kazi ya nusu saa, lakini kilichofutwa hakirudi.

Tuchukue mfano wa bastola ya Colt ya mwaka 1851, iitwayo Navy, iliyotengenezwa Hartford, Marekani, hadi mwaka 1873, na kwa miaka michache London. Ilipotoka kiwandani haikuwa na rangi moja. Mtutu na silinda vilikuwa na buluu iliyokoza, iliyopatikana kwa kung'arisha chuma na kukipasha moto tanurini. Kiunzi, nyundo na mkono wa kushindilia risasi vilifukiwa katika makaa ya mifupa, vikapashwa moto na kutoswa majini. Vikatoka na mawingu ya buluu, kijivu na hudhurungi. Kwa hiyo Navy ya kawaida ambayo kiunzi chake ni buluu tupu kama mtutu yapasa kutiliwa shaka mara moja.

Zitazamwe kisha kingo. Mtutu wa Navy una pande 8, na kiwandani kila ukingo uliachwa mkali. Gurudumu la kung'arishia huzilainisha kingo hizo, huzipanua tundu za parafujo zikawa kama visahani, na hufifisha maandishi. Lakini shahidi mkubwa ni silinda. Juu yake ilichapwa picha ya mapigano ya manowari za Texas na za Mexico, pamoja na tarehe 16 Mei 1843. Mistari yake ni myembamba mno, hata matumizi ya kawaida huifuta. Picha ikiwa imefutika ilhali buluu iliyo juu yake inang'aa kama mpya, buluu hiyo ilikuja baadaye.

Kutu nayo husema. Shimo la kutu lililokula rangi ya asili huwa jeusi au la hudhurungi. Buluu ikionekana hadi ndani ya shimo, kutu ilitangulia rangi. Aidha, uchakavu wa kweli huanzia mdomo wa mtutu na kingo zilizosuguana na ala ya ngozi, na buluu husalia mafichoni, kama vile chini ya mkono wa kushindilia.

Ieleweke kwamba alama moja haitoshi kutoa hukumu, kwani wapo mafundi wanaozeesha chuma kwa tindikali. Hata hivyo, wakusanyaji kwa kawaida huithamini bastola iliyogeuka hudhurungi kwa umri wake kuliko ile inayometa kwa rangi ya juzi.

Bastola za namna hii hujazwa baruti kwa mbele ya silinda, na baadhi zimekutwa zikiwa bado zimejaa baada ya miaka mingi. Anayeikuta nyumbani asiiguse, bali aarifu Polisi kwanza. Ukaguzi ufuate baada ya kuthibitishwa kuwa ni tupu.

Kwa kuwa hewa ya visiwani ina chumvi, chuma kipanguswe kwa kitambaa laini chenye mafuta mepesi ya mashine. Msasa na dawa ya kung'arishia shaba visitumike kabisa. Kikingio cha shaba kinachozunguka kifyatulio cha Navy kilipakwa fedha nyembamba kiwandani, na wengi, wakidhani weusi wa fedha hiyo ni uchafu, wameisugua hadi chembe ya mwisho.