Malazi ya Msafiri Ulaya: Swala na Sitara Kwanza

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewakunjulia waja wake ardhi. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wapenzi wasomaji, sisi watu wa pwani ya kusini tumezoea kupokea wageni wa Ulaya. Mwaka 1866 Livingstone alishukia Mikindani, na boma walilolijenga Wajerumani pale mwaka 1895 limekuja kuwa nyumba ya wageni. Watu wetu nao waliiona Ulaya zamani. Mwaka 1896 Salim bin Abakari, mtu wa Komoro, alifuatana na Dkt. Bumiller hadi Urusi na Siberia, na habari za safari yake zikachapishwa kwa Kiswahili mwaka 1901. Leo huenda wanafunzi, wafanyabiashara na wazazi wanaozuru watoto wao. Nasaha yetu kwao ni moja: malazi yasichaguliwe kwa bei peke yake, kwani ndiyo yatakayoihifadhi au kuipoteza Swala ya msafiri na sitara ya ahali yake.

Mgeni akishuka jahazini Mikindani, au akivuka Ruvuma pale Kilambo, huulizia msikiti, akaswali, akajieleza. Ulaya hakuna baraza inayomngoja. Anayeomba viza ya muda mfupi ya nchi za Schengen hutakiwa kuonyesha mahali atakapolala, pamoja na bima ya safari isiyopungua yuro 30,000. Basi malazi hutafutwa kabla ya kufunga mizigo.

Kwanza ni Swala. Mtwara nyakati zake hazibadiliki sana mwaka mzima. London, mwezi wa Desemba, jua huzama kabla ya saa kumi jioni, na kutoka Adhuhuri hadi Magharibi ni muda mfupi mno. Mwezi wa Juni huzama baada ya saa tatu usiku na kuchomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Aliyepanga mbali kwa sababu ya unafuu, akashinda mjini, Swala humponyoka. Ni bora kulala karibu na msikiti, mfano Msikiti Mkuu wa Paris, uliofunguliwa mwaka 1926, na kufuata ratiba ya msikiti wa mji husika. Kibla nacho kitazamwe upya: Mtwara tunaelekea kaskazini, lakini London na Paris huelekewa kusini-mashariki.

Muda wa kukaa una hukumu yake pia. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, hana tena ruhusa ya kupunguza Swala.

Pili ni sitara. Hosteli za vijana, ambazo asili yake ni fikra ya mwalimu Mjerumani Richard Schirrmann mwaka 1909, ni nafuu, lakini baadhi ya vyumba vyake hulaza wanaume na wanawake pamoja. Mzazi aulize kabla ya kulipa: je, kuna chumba cha wanawake peke yao? Bafu ni la pamoja? Vyoo vingi havina maji ya kutawadhia, hivyo kopo dogo lisisahauliwe.

Tatu ni chakula. Kwa familia, nyumba ya kupanga yenye jiko huwa na manufaa kuliko hoteli: mama hupika anachokijua, na fedha hubaki. Aulizie pia kodi ya wageni, kwani miji mingi huidai juu ya bei ya chumba.

Lipo na la mwisho, nalo ni zito. Wengi wetu hufikia kwa kijana wetu anayesoma huko, naye ana chumba kimoja na mkataba wa upangaji unaoweza kumkataza kulaza wageni. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa ukarimu kwa mgeni ni siku tatu, na akamkataza mgeni kukaa hadi kumtia mwenyeji wake katika dhiki. Tusimfukuzishe mtoto wetu nyumbani mwake kwa kuona haya kulipia chumba.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu, na awarudishe salama kwa jamaa zao. Amin.