Saratani ya Tezi Dume: Baada ya Ugonjwa Kujulikana

Tezi dume ni kiungo kidogo cha mwili wa mwanamume. Kiko chini ya kibofu, nacho huuzunguka mrija wa mkojo kama pete izungukavyo kidole. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yachukuayo mbegu za uzazi. Kwa kijana, uzito wake ni gramu 20 hivi. Mwanamume azeekapo, tezi hii mara nyingi hukua na kuubana mrija, hata mkojo ukatoka kwa shida. Ukuaji huo si saratani. Saratani hutokea pale seli za tezi zinapoacha kufuata utaratibu wa mwili, zikazaana ovyo, na pengine kusafiri hadi mifupani.

Kwa kuwa saratani hii kwa kawaida huanzia ukingoni mwa tezi, mbali na mrija, mtu aweza kukaa nayo miaka mingi bila kuhisi lolote. Damu hupimwa ili kujua kiasi cha protini ya tezi hiyo, iitwayo PSA kwa kifupi. Lakini kiasi hicho hupanda pia kwa uvimbe wa kawaida au uambukizo. Kwa hiyo vipande vidogo vya tezi huchukuliwa kwa sindano na kuchunguzwa kwa hadubini, ndipo ugonjwa uthibitike.

Wengi walisikiapo neno saratani hudhani wamekwisha hukumiwa kifo. Wengine huona haya, kwa kuwa kiungo chenyewe ni cha siri, wakanyamaza hata mbele ya wake zao. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Anyamazaye hujinyima maarifa ambayo yangempunguzia hofu.

Mfano mmoja ni utafiti uliofanywa Uingereza. Kati ya mwaka 1999 na 2009, wanaume 1,643 waliokuwa na saratani ambayo bado haijatoka nje ya tezi waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi la kwanza walifanyiwa upasuaji, la pili walipewa mionzi, na la tatu walifuatiliwa kwa vipimo tu, wakingojea tiba endapo ugonjwa ungesonga mbele. Matokeo ya miaka 15 yalitangazwa mwaka 2023. Wanaume 356 walikuwa wamefariki kwa sababu mbalimbali, lakini waliouawa na saratani hii walikuwa 45 tu, na tofauti baina ya makundi ilikuwa ndogo. Hata hivyo, katika kundi la kufuatiliwa, walioenewa na saratani mwilini walikaribia kuwa mara mbili ya wale wa makundi mengine. Tena, takriban wote katika utafiti huo walikuwa Wazungu, ilhali wanaume wenye asili ya Afrika hupatwa na ugonjwa huu kwa wingi zaidi. Funzo lake ni kwamba saratani iliyogunduliwa mapema humwachia mgonjwa nafasi ya kufikiri kabla ya kuchagua.

Kila tiba ina gharama yake mwilini. Upasuaji waweza kuleta kuvuja kwa mkojo na udhaifu wa nguvu za kiume, kwa sababu mishipa ya fahamu ihusikayo hupita kandokando ya tezi. Mwaka 1982 daktari Patrick Walsh, huko Baltimore, Marekani, alionyesha njia ya kupasua bila kuikata mishipa hiyo. Mionzi, itolewayo pia katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, yaweza kuusumbua utumbo. Saratani ikienea, hutumiwa kanuni aliyoithibitisha Charles Huggins wa Chicago mwaka 1941: homoni ya kiume huistawisha saratani hii, na ikizuiwa, saratani hunywea. Ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Mgonjwa atibiwaye hivyo hupatwa na joto la ghafla, uchovu, na kudhoofika kwa misuli na mifupa.

Matatizo haya yana msaada. Kuikaza na kuilegeza mara kwa mara misuli izuiayo mkojo husaidia kupunguza uvujaji. Kutembea na mazoezi mengine hupunguza uchovu. Mgonjwa aendapo kwa daktari hufaa aandike maswali yake mapema na kufuatana na mkewe au ndugu, kwa maana mtu mwenye hofu husikia nusu ya aliyoambiwa. Naye mke aelezwapo ukweli, hatadhani kwamba amechukiwa.

Jambo la mwisho lawahusu vijana. Mtoto wa kiume ambaye baba yake au ndugu yake amepata saratani hii yumo katika hatari kubwa kuliko wengine, na huhitaji kushauriana na daktari mapema kuhusu kupimwa. Baba afichaye ugonjwa wake huwanyima wanawe habari hiyo.