Mdogo Wangu Ashika Usukani

Toka Lubumbashi hata Likasi, mji ulioitwa Jadotville kabla ya mwaka 1966, ni kilometa 120 hivi. Mwenye motokari haiiti safari kubwa. Lakini mimi, niliyetoka Kinshasa, nilikuwa sijamwona mdogo wangu kwa miaka 20. Nilimwacha mtoto wa kubebwa mgongoni. Alikuja kunipokea mtu mwenye ndevu, ameshika funguo.

«Yaya, panda,» akasema.

Njiani nilimwonya kama zamani: polepole, tazama lori lile la shaba, funga kioo, vumbi linaingia. Hata chungwa nilimmenyea! Aliitikia kila neno. Penye kizuizi cha ushuru wa barabara nikatia mkono mfukoni. Yeye alikuwa amekwisha kulipa.

Mbele kidogo, pale wanapouza makala kando ya njia, akasimamisha motokari.

«Siku ya kumzika mama nilikungoja barabarani hata jua likazama. Ulikuwa wapi?»

Nilikuwa na maneno tayari, ya kazi, ya nauli ya ndege. Sikuyasema. Nikamwomba msamaha, mimi mkubwa, yeye mdogo.

Alinyamaza kitambo, kisha akawasha motokari.

«Tupite kwanza kaburini,» akasema. «Nyumbani watatungoja.»